Ukichokozwa Uwanjani, Nani Anatoka?

Mazungumzo ya muuguzi mmoja na wanamichezo wa sekondari, Ilomba, Mbeya, kabla ya mechi za kuchagua timu ya UMISSETA. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Wadogo zangu, hamjambo? Mbona mmeitikia kinyonge hivyo, au kibaridi cha Mbeya kimewabana? Haya, sogeeni karibu. Na wewe unayesoma maneno haya ukiwa bwenini, au umebanwa kwenye daladala ya Uyole, jihesabu kuwa umo humu humu.

Leo sitaongea juu ya malaria. Kondomu pia sitaongelea, ingawa najua wapo waliokuja kwa sababu hiyo tu. Tutaongea habari za ngumi. Ngumi, kiwiko, kichwa, mate, na ile mikono inayopita mahali isipotakiwa kupita wakati refa anatazama upande wa pili.

Ukitaka kujua mechi ya Jumamosi ilikuwaje, usiwaulize mashabiki, maana kila mmoja ana mechi yake. Wewe njoo ukae Jumapili asubuhi kwenye benchi la nje ya chumba cha kufungia vidonda. Utamwona beki ameshika taya. Utamwona straika amefunga mkono kwa fulana. Ukimwuliza, "Umeumiaje?" anakwambia, "Mpira tu, sista." Mpira gani huo unaoacha alama ya meno kwenye vifundo vya vidole? Mpira hauna meno.

Sasa tuelewane. Kandanda ni mchezo wa kugusana. Utakabwa, utasukumwa bega kwa bega, utapigwa kwanja kwa bahati mbaya na kifundo kitavimba. Hayo ni ya mchezo, na dawa yake ni barafu au maji ya baridi, bandeji, na kupumzika. Ninayoyasema mimi ni yale yanayofanyika mpira ukiwa kule na nyinyi wawili mko huku. Sheria za soka hapo hazina utani. Ukimpiga mtu au ukijaribu kumpiga wakati hamgombei mpira, ni kadi nyekundu, hata kama ngumi yako imepita hewani bila kumgusa. Wengi hawalijui hilo. Wanadhani kukosa shabaha ni kujitetea.

Lakini nataka nianze na yule anayeanza, maana huyu mara nyingi hatumsemi. Tunamsema aliyerudisha.

Mnakumbuka habari ya Septemba 2015? Wengine mlikuwa wadogo sana, lakini hadithi mmeisikia vijiweni. Mbeya City, timu ya hapa hapa kwetu, ilikuwa Chamazi, Dar es Salaam, ikicheza na Azam. Beki wa Mbeya City, Juma Nyosso, alipigwa picha akimshika makalio nahodha wa Azam, John Bocco. Picha ile ilienea magazetini na kwenye simu za watu nchi nzima. Nyosso akafungiwa miaka 2 na kutozwa faini ya shilingi milioni 2. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mapema mwaka huo huo alikuwa ameshaadhibiwa kwa kitendo cha aina hiyo hiyo dhidi ya Elias Maguri, aliyekuwa mshambuliaji wa Simba.

Huyu hakuwa mchezaji wa kuokoteza. Alikuwa beki mgumu, aliyewahi kuvaa jezi ya Simba, na washambuliaji walimwogopa kwa kazi yake halali ya kukaba. Miaka 2 nje ya uwanja kwa mchezaji ni sawa na wewe kuambiwa usifanye mtihani mwaka huu na mwakani. Aliporudi alichezea Kagera Sugar, na Januari 2018, baada ya mechi na Simba kule Bukoba, akajikuta mikononi mwa polisi kwa madai ya kumpiga shabiki.

Simsemi ili nimcheke. Nataka mwangalie jinsi watu walivyolipokea jambo lile, maana hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Watu walicheka! Wakatengeneza vichekesho. Na wa kuchekwa alikuwa nani? Alikuwa Bocco, yule aliyetendewa. Nendeni kijiweni leo mtaje mkasa ule, mtasikia bado kuna anayemchekea mtu mzima ambaye kosa lake lilikuwa kucheza mpira tu.

Uwanjani wanaita jambo hili "mbinu". Eti unamtoa mtu mchezoni. Unamtekenya, unamfinya, unamtukania mama yake, unamshika sehemu ambazo hata daktari huomba ruhusa kwanza. Akipandwa na hasira akikugeukia na ngumi, wewe unaanguka, unagaagaa, refa anageuka, kadi nyekundu. Timu yake inabaki na watu 10. Mbinu imefaulu.

Mimi kama mhudumu wa afya nakwambia jina lake halisi. Kumshika mtu sehemu za mwili wake bila ridhaa yake ni udhalilishaji wa kijinsia. Haijalishi kama ni mvulana kwa mvulana. Haijalishi kama mmevaa jezi. Haijalishi kama mlicheka baadaye. Kama jambo hilo hilo lingefanyika ndani ya daladala, kwa dada yako, ungemkunja mtu shati. Kwa nini chokaa ya uwanja ibadilishe jina la kitu?

Nitawasimulia habari ya kijana mmoja. Jina namhifadhia, shule pia, na timu nazo sizitaji. Alikuwa kidato cha tatu, anacheza namba 9, mpole, wa kwanza kusalimia. Siku moja mechi ya mchangani, beki wa timu ya pili alimshika hivyo hivyo mara ya kwanza. Akanyamaza. Mara ya pili akamwambia refa, refa akacheka, akamwambia acheze mpira. Mara ya tatu aligeuka akampiga yule beki kichwa cha uso. Beki alianguka chali, akagonga kisogo ardhini, na kwa dakika nzima hakujua yuko wapi. Aliletwa zahanati kwa bajaji, anatapika.

Unadhani kesi ilikwenda vipi? Kijana wangu alionekana ndiye mhuni. Shuleni alisimamishwa wiki kadhaa. Nyumbani alichapwa. Mzee wa yule aliyeumia akachukua fomu ya polisi, ile PF3, na mambo yakawa ya kuitana na kusuluhishana, fedha ya matibabu ikatoka kwenye mahindi ya familia. Na katika vikao vyote hivyo hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto mpole vile ameruka ghafla kama jogoo. Na yeye hakusema. Nilipokuwa peke yangu naye ndipo aliponiambia, tena akitazama chini. Nikamwuliza, "Mbona hukusema?" Akanijibu, "Sista, nitasemaje kitu kama kile mbele ya baba?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba aibu ilikaa mahali pasipo pake. Aliyetenda alikuwa kitandani anaonewa huruma, aliyetendewa alikuwa anafukuzwa na aibu ya mtu mwingine.

Msinielewe vibaya. Kile kichwa kilikuwa kosa, na kosa kubwa. Yule beki angeweza kufa. Nasema makosa yalikuwa mawili, la kwanza halikuandikwa popote, na refa aliyecheka alikuwa na sehemu yake katika yote mawili.

Basi ufanye nini mtu akikuanza? Wengi husema, "Vumilia tu." Neno hilo peke yake silipendi. Uvumilivu wa kunyamaza ndio uliompasukia yule kijana mara ya tatu. Kwanza uelewe mwili wako unakufanyia nini.

Ukichokozwa, mwili hautofautishi kati ya beki na chui. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga homoni inayoitwa adrenalini ndani ya damu. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, unaona kile kilicho mbele yako tu na pembeni pote panakuwa giza. Maumivu huyasikii. Akili ya kupima mambo, ile inayojua kwamba kesho kuna shule, inasukumwa nyuma kidogo. Hali hii haikutokei kwa sababu wewe ni mkorofi, inamtokea hata shehe na padri. Ila kishindo chake cha kwanza hakidumu. Ukikipa muda mfupi bila kukichochea kinapungua chenyewe. Kwa hiyo kazi yako yote ni kununua sekunde chache.

Unazinunuaje? Mpe mgongo, uondoke hatua 10 kumwelekea nahodha wako. Hesabu hizo hatua, usifanye kwa kukisia. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyovuta, mara 3 au 4. Mikono ishike jezi yako mwenyewe, au kiuno, maana mkono ulioshika kitu haupigi. Nimewaona wachezaji wanaojimwagia maji kichwani, nayo inasaidia. Na timu iwe na neno lake moja mlilokubaliana, likitajwa tu wenzako wawili waje wasimame kati yako na yule mtu. Wasije kuuliza kulikoni. Wasimame tu.

Halafu useme, na useme kwa utaratibu. Anayezungumza na refa ni nahodha. Anamwambia, "Mwamuzi, namba 4 anamshika mchezaji wetu mwilini, tunaomba umwangalie." Mbele ya mshika kibendera ikiwezekana, ili wasikie wawili. Refa akipuuza, mwalimu wa timu aandike. Nitarudi kwenye kuandika.

Kwani wakubwa hawashindwi? Wanashindwa. Julai 9, 2006, Berlin, fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Italia. Zinedine Zidane, mchezaji ambaye watu walikuwa wanasafiri mabara kwenda kumwona, alikuwa anacheza mechi yake ya mwisho kabisa ya maisha. Imebaki kama dakika 10 muda wa nyongeza uishe. Marco Materazzi akamtamkia maneno. Zidane alikuwa ameshampita, anaondoka, hatua zile zile ninazowaambia. Akarudi. Akampiga kichwa cha kifua. Kadi nyekundu. Zikaja penalti bila yeye, mtu aliyekuwa ameshafunga penalti katika mechi ile ile, na Italia ikashinda 5 kwa 3. FIFA iliwaadhibu wote wawili: Zidane mechi 3, Materazzi mechi 2. Angalieni hapo, aliyechokoza naye alipewa adhabu yake. Lakini kombe lilikuwa limeshakwenda Roma.

Mimi huwa nafikiria zile hatua alizokuwa ameshatembea. Alikuwa amekaribia kabisa.

Sasa tumtazame mtu mwingine, yule mnayemwita "mbabe wa timu". Kila timu ya mtaa inaye, msinidanganye. Hachezi sana mpira, lakini yuko kikosini kwa sababu siku timu ikionewa yeye ndiye anayetumwa. Anapewa soda, anapewa sifa, anaitwa majina ya wacheza sinema. Labda ni wewe.

Kule Marekani na Canada kuna mchezo unaochezwa juu ya barafu, mpira wa magongo. Wachezaji wanateleza na viatu vyenye vyuma chini, wanagombea kisahani kigumu cheusi. Katika ligi yao kubwa kupigana kumekatazwa kwenye sheria, lakini adhabu yake ya kawaida ni kukaa dakika 5 kwenye kibanda, kisha unarudi kuendelea. Mnaona hiyo? Wawili wanavua glavu, wanazichapa, marefa wanasubiri mmoja aanguke ndipo watenganishe, na uwanja mzima umesimama unashangilia. Kwa miaka mingi timu ziliajiri watu kwa kazi hiyo hasa.

Mmoja aliitwa Derek Boogaard. Jitu la mita 2 hivi. Katika ligi hiyo alicheza mechi 277 na kufunga mabao 3 tu. Hawakumlipa kwa ajili ya mabao. Walimlipa kwa ngumi zake, na kila aliyempiga naye alimpiga yeye. Mikono ikaumia, mgongo ukaumia, kichwa kikapigwa tena na tena. Akawa mtumwa wa vidonge vya kutuliza maumivu. Mei 2011 alikutwa amefariki, vidonge na pombe vilikuwa vimechanganyika mwilini. Alikuwa na miaka 28. Familia ikatoa ubongo wake uchunguzwe Boston, na madaktari wakakuta umeharibika kwa ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara, ugonjwa ambao mabondia wa zamani ndio waliojulikana kuwa nao. Huathiri kumbukumbu, hasira, hata furaha ya mtu. Hauna dawa, na wenyewe huthibitishwa mtu akishakufa, ubongo ukifunguliwa.

Mashabiki walikuwa wanampenda kwelikweli. Sasa wewe mbabe wa timu, unayeshangiliwa pale uwanjani, siku ukianza kusahau hesabu za darasani na kichwa kinakuuma kila jioni, nani kati ya washangiliaji atakuja kukusomea?

Kichwa, jamani. Niseme habari ya kichwa kwa kirefu maana hapa ndipo watu wanapofia. Ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kiini cha yai. Ukipigwa, au ukianguka na kisogo, unatikisika na kugonga kuta. Si lazima damu itoke. Si lazima uzimie, wengi hawazimii kabisa. Utamwona mtu amesimama, lakini anauliza matokeo ni ngapi wakati bao limeingia sasa hivi mbele yake. Au anakwenda benchi la timu nyingine. Au macho yanamkataa mwanga, kichwa kinamgonga, anasikia kichefuchefu. Huyo mtoe. Siku hiyo harudi uwanjani, hata akilia, hata kama ni fainali na yeye ndiye mpigaji penalti. Ubongo uliotikiswa ukipigwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba, na kwa vijana wa umri wenu ndiko kunakoogopwa zaidi.

Na usimwache alale peke yake bwenini. Awe na mtu wa kumwangalia angalau siku nzima na usiku wake. Asinywe pombe, na namba za "kuondoa maumivu" kwenye glasi nazijua, nyamazeni. Akitapika tena na tena, akiwa mgumu kuamka, akichanganyikiwa, kichwa kikizidi kuuma badala ya kupungua, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukalegea, akapata degedege, maji mepesi au damu vikatoka puani au sikioni, usingoje asubuhi. Hospitali, usiku huo huo.

Halafu vile vifundo vya vidole nilivyoanza navyo. Ukimpiga mtu mdomoni jino lake likakuchana, kidonda kinakuwa kidogo kama punje ya mchele, unakidharau. Mate ya binadamu yana vijidudu vingi, na chini ya ngozi ile nyembamba kuna kiungo. Siku ya tatu mkono umevimba kama maandazi na kidole hakikunji. Nimeona kidole kilichobaki kigumu moja kwa moja, na mwenye kidole alikuwa fundi cherehani. Kidonda cha jino kioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, na uende zahanati siku hiyo hiyo upewe dawa.

Kuna mmoja kule nyuma amesema, "Mbona hata timu kubwa wanapiga marefa?" Wamepiga, kweli. Machi 2012, Yanga ilipofungwa na Azam 3 kwa 1, wachezaji wa Yanga walimvamia mwamuzi Israel Nkongo. Stephano Mwasika akafungiwa mwaka mmoja, na wenzake kadhaa wakapata adhabu zao. Matokeo yakabaki 3 kwa 1. Siku hizi kanuni za nidhamu za FIFA zinasema anayempiga mwamuzi, au kumtemea mate, akose mechi zisizopungua 15, au afungiwe kwa muda unaofaa.

"Lakini refa akikosea je?" Swali zuri. Marefa hukosea, tena sana. Oktoba 1, 2016, Simba na Yanga, Uwanja wa Taifa. Amissi Tambwe alifunga bao la Yanga ambalo Simba walilalamika kwamba ameunawa mpira. Wakamzunguka mwamuzi, na katika msukosuko ule nahodha wa Simba, Jonas Mkude, akapewa kadi nyekundu. Mashabiki wakang'oa viti. Sasa sikilizeni mambo mawili yaliyofuata. Kadi ya Mkude ilikuja kufutwa baadaye, mezani, baada ya suala kuangaliwa upya. Na vile viti? Vilileta hasara tu, na Serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja ule kwa muda. Ndani ya uwanja Simba walisawazisha, kona ya Shiza Kichuya ikaingia yenyewe wavuni, 1 kwa 1, wakiwa watu 10. Malalamiko ya karatasi yalifuta kadi. Mpira ulileta bao. Viti havikuleta chochote.

Na sisi wa Mbeya tusijifanye malaika. Septemba 2013, Mbeya City ikiwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu na mji mzima umepagawa kwa furaha, mashabiki walilipiga mawe basi la Yanga. Timu changa vile, inayopendwa vile, na msimu ule ule ikaja kumaliza nafasi ya 3. Ilihitaji mawe ya nini?

Dada zangu, msidhani nimewasahau. Netiboli nako kuna kucha na viwiko, nimeshashona nyusi za wasichana. Lakini kuna jingine. Wapo wanaokaa pembeni wakipiga kelele, "Mpige! Kwani wewe si mwanaume?" Kijana wa miaka 17 akiambiwa hivyo na msichana anayempenda, zile sekunde zake alizokuwa anazinunua zote zinapotea. Kama unampenda, mpigie kelele arudi kukaba.

Haya, mmeniandikia maswali kwenye vikaratasi. Muda unakwisha, nitajibu machache.

"Je, naweza kupata UKIMWI kwa damu ya mtu tuliyepigana naye?" Damu ikidondokea ngozi nzima isiyo na kidonda, hapana. Hatari ipo ikiwa damu yake imeingia kwenye kidonda chako kibichi, machoni au mdomoni, na hata hapo uwezekano ni mdogo, lakini haupuuzwi. Osha kwa maji na sabuni, macho kwa maji matupu, na nenda kituo cha afya haraka, ndani ya saa 72. Ipo dawa ya kuzuia, inamezwa siku 28, na kadiri unavyoiwahi ndivyo inavyofaa. Wapenzi wa soka hamtasahau, maana kamati ya Bodi ya Ligi nayo mnaiita ya saa 72. Tofauti ni kwamba mimi saa 2 zikipita tu nataka uwe umeshafika. Hii pia ndiyo sababu refa humtoa nje mchezaji anayetoka damu mpaka ikauke na jezi ibadilishwe. Hakuonei.

"Jino likitoka lote, linarudi?" Linaweza, kama ni la utu uzima. Lishike kwa kichwa chake, usishike mzizi. Kama lina mchanga lisuuze kidogo tu, usilisugue. Lirudishe kwenye tundu lake, au liweke ndani ya maziwa fresh, na umfikie daktari wa meno kabla saa moja haijaisha. Usilifunge kwenye karatasi ya daftari kama yule aliyeniletea siku mbili baadaye.

"Damu ya pua?" Kaa, inamia mbele, usiinue kichwa juu. Bana sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuchungulia, pumua kwa mdomo.

Karatasi hii ya mwisho haina jina, na mwandiko wake umebanwa sana. "Kuna mtu wa timu yetu wenyewe ananishika hivyo mazoezini na wengine wanacheka. Nikisema wataniita demu. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, sijui umekaa wapi na sitazungusha macho kukutafuta. Utaitwa jina siku mbili tatu, nakubali, sitakudanganya. Mwambie mara moja, kwa sauti, mbele ya watu, bila matusi: "Usinishike." Kisha usiku huo andika kwenye daftari tarehe, mahali, alichofanya, na nani aliona. Mpelekee mtu mzima mmoja unayemwamini, mwalimu wa michezo, matroni, mwalimu wa ushauri, au mimi hapa zahanati, mlango wa pili baada ya dirisha la dawa. Akikucheka, nenda kwa wa pili. Namba 116 ya msaada kwa watoto haitozi pesa, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo ni la wavulana pia. Na nyinyi nahodha wawili mliokaa hapa mbele, mmesikia swali. Mazoezi ni saa 10 jioni leo. Nitakuja kuangalia.